Mapeni ya Karne ya 19 Kwenye Mto Rusizi

Sarafu ndogo za karne ya 19 zinazohusu Rusizi, eneo la kusini-magharibi mwa Rwanda lililojulikana kama Kinyaga kabla ya kuitwa Cyangugu, zina asili mbili. Kutoka mashariki ilikuja pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyopigwa kuanzia mwaka 1890 hadi 1892. Magharibi, ng'ambo ya mto na Ziwa Kivu, zilikuwepo santimu za shaba za Dola Huru ya Kongo, zenye tundu katikati, ambazo zilianza kupigwa mwaka 1887. Mpaka kati ya Wajerumani na Kongo ulikuja kuufuata Mto Rusizi, na Kinyaga ikawa ukingoni mwa mifumo miwili ya fedha, kila mmoja mbali sana na mahali ulikoanzia.

Mtu anayekusanya sarafu za eneo hili hugundua mapema kwamba tarehe iliyochongwa kwenye shaba si tarehe ya shaba hiyo kufika. Pesa ya mwaka 1891 ilitumika Bagamoyo na Tanga tangu mwanzo wa miaka ya 1890. Katika vilima vya Kinyaga, mazao ya kila siku yaliendelea kubadilishwa kwa vitu vingine kwa miaka mingi baadaye. Fedha ya kigeni iliingia huko kinyumenyume: sarafu kubwa ya fedha ilitangulia, sarafu ndogo ya shaba ikafuata kwa kuchelewa. Sababu za kuchelewa huko ndizo zinazozipa sarafu hizi maana katika historia ya mahali hapa.

Kinyaga haikuwa nchi isiyo na chenji. Katika karne ya 19 biashara ya Ziwa Kivu iliendeshwa kwa vikuku vya nyuzi za mimea vilivyoitwa ubutega. Vilisukwa na Watembo, wakazi wa misitu iliyo nyuma ya milima ya magharibi ya ziwa. Kutoka kwao vilipita mikononi mwa Wahavu na watu wa kisiwa cha Ijwi, kisha vikavushwa kwa mitumbwi hadi upande wa Rwanda. Wanawake wa Rwanda walivivaa miguuni, vingi kwa pamoja, vikipanda kutoka kwenye kifundo. Ubutega ulikuwa na sifa zote zinazotakiwa kwa fedha ndogo: ulihesabika kimoja kimoja, ulikuwa mwepesi, ulifungwa katika matita, na kila mtu alijua kwamba mwenzake atauhitaji. Tena ulichakaa kwa kuvaliwa, kwa hiyo soko halikushiba. Mwenye maharage au mtama wa kuuza aliweza kupokea vikuku bila wasiwasi, maana hata visiponunua kitu, vingevaliwa nyumbani kwake.

Juu ya ubutega lilikuwepo jembe la chuma, lililokuwa chombo cha kazi na pia sehemu ya mahari. Juu ya jembe alikuwepo mbuzi, na juu ya wote ng'ombe, ambaye thamani yake haikuwa ya sokoni tu, kwa kuwa kumpa mtu ng'ombe kulifunga uhusiano kati ya bwana na mfuasi. Ngazi hiyo ilikuwa na mpangilio, na watu walijua kupanda na kushuka humo. Anayedhani kwamba sarafu zilikuta utupu amekosea. Zilikuta fedha nyingine iliyokuwa ikifanya kazi, na kwa muda mrefu zilishindwa kuiondoa.

Kusini, Mto Rusizi unakomwagika katika Ziwa Tanganyika, hesabu zilifanywa kwa shanga. Soko la Ujiji lilikuwa na shanga maalumu zilizoitwa sofi, fupi na za mviringo mrefu kama vipande vya kiko kilichovunjika, na wanunuzi walibadilisha nguo zao kwa sofi kwanza ndipo wakanunua samaki, unga au mboga. Wasafiri Livingstone na Stanley walipofika kwenye mdomo wa Rusizi mnamo Novemba 1871, wakitaka kujua kama mto huo unaingia ziwani au unatoka, walitokea Ujiji na safari yao iligharimiwa kwa nguo na shanga kama safari nyingine zote. Waliukuta mto ukiingia. Njia hiyo ya maji ndiyo ingekuja kuleta bidhaa za pwani karibu na Kinyaga, ingawa chini ya Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri wafanyabiashara wa pwani hawakuwa huru kuingia Rwanda na kufungua masoko yao. Bidhaa zao zilifika kwa kupitia mikono ya majirani.

Pwani yenyewe ilikuwa na tatizo la mapeni kwa miongo mingi. Fedha iliyoheshimiwa tangu Zanzibar hadi Uhabeshi ilikuwa reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria iliyobaki na tarehe ya 1780 hata ilipopigwa miaka 100 baadaye. Reale ilifaa kwa pembe za ndovu na karafuu, lakini haikufaa kwa ndizi. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alileta paisa za shaba kutoka India ili kujaza nafasi hiyo. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akatoa paisa zake mwenyewe, zenye maandishi ya Kiarabu, picha ya mizani, na mwaka wa Hijria 1299, yaani 1881 au 1882. Toleo jingine lina mwaka 1304. Hizi ndizo sarafu za kwanza ambazo mkusanyaji wa Afrika Mashariki hukutana nazo kwa wingi. Picha ya mizani ilichaguliwa vizuri: hata asiyejua kusoma alielewa kwamba kitu hiki ni cha kupimia.

Wajerumani walipochukua pwani hawakubuni mfumo mpya. Walijiunga na ule wa rupia ya India, ambayo ilikuwa imekwisha kuipita reale katika biashara ya Zanzibar. Rupia moja iligawanywa katika pesa 64, kama ilivyokuwa Bombay. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata haki ya kupiga sarafu, na pesa zake za kwanza zina tarehe 1890. Zilipigwa Berlin kwa shaba, zikiwa na kipenyo cha milimita 25 hivi na uzito wa karibu gramu 6.5, sawa na robo ana ya India ambayo wafanyabiashara waliizoea.

Upande mmoja wa pesa una tai wa dola ya Ujerumani, jina la kampuni kwa Kijerumani, na mwaka wa Kikristo. Upande wa pili una maneno ya Kiarabu yanayotaja kampuni ya Ujerumani, yamezungukwa na shada la majani, pamoja na mwaka wa Hijria. Mwaka 1890 umeandikwa pamoja na 1307, 1891 pamoja na 1308, na 1892 pamoja na 1309. Sarafu hii ilizungumza na mji wa pwani, mahali ambapo Kiarabu kilisomwa dukani na msikitini. Ilipofika bara ilikuwa na lugha mbili ambazo mnunuzi hakuzisoma, na akategemea tai na ukubwa wa kipande.

Sarafu za fedha za kampuni hiyohiyo, yaani rupia, nusu na robo, na baadaye rupia mbili, zilikuwa na sura tofauti kabisa. Zinamwonyesha Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma iliyotuliwa na tai, na jina lake kwa Kilatini. Nyuma kuna ngao ya kampuni yenye simba na mnazi. Rupia ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 wa fedha bora, na uzito huo ndio uliokubalika kuanzia Mombasa hadi Bombay. Kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndani ya chuma chenyewe, sonara aliweza kuiyeyusha na asipoteze sana. Pesa ya shaba haikuwa hivyo. Thamani yake ilitegemea ahadi kwamba 64 zitapokelewa kwa rupia moja, na ahadi hiyo ilikuwa imara penye duka la Mhindi au ofisi ya forodha, lakini ilidhoofika kwa kila siku ya safari kuelekea bara.

Upande wa Kongo, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipanga fedha za dola yake mwaka 1887 kwa mfumo wa faranga na santimu. Sarafu za fedha za santimu 50, faranga 1, 2 na 5 zilibeba sura yake. Zile ndogo za shaba, yaani santimu 1, 2, 5 na 10, hazikuwa na sura. Katikati zina tundu la mviringo. Kulizunguka tundu upande mmoja kuna herufi L mbilimbili zilizofungamana na kuvikwa taji, na upande wa pili kuna nyota ya pembe tano, alama ya dola hiyo. Santimu 10 ni pande zito la gramu 20 na kipenyo cha milimita 35, kubwa kupita sarafu nyingi za zama zake. Kwa uzuri wa kuchongwa hakuna sarafu ndogo ya Afrika ya Kati ya karne ile inayoishinda. Hata hivyo, uzuri wake usimfanye mtu asahau dola iliyoitoa, iliyowalipa watu wengi kwa fimbo na risasi kabla ya kuwalipa kwa shaba.

Tundu lilikuwa na kazi. Sarafu ziliweza kutungwa kwenye uzi, zikafungwa kiunoni au shingoni, zikahesabiwa kwa vidole bila kumwagwa chini. Watu ambao mavazi yao hayakuwa na mifuko walihitaji jambo hilo zaidi kuliko maandishi ya pembeni. Wachina walikuwa wametunga sarafu zao kwenye kamba kwa karne nyingi, na shanga za Ujiji na ubutega wa Kivu vilihesabiwa na kubebwa kwa namna iliyokaribia hiyo. Katika jambo hili moja, sarafu ya Leopold iliikaribia desturi ya wanunuzi wake kuliko pesa ya Berlin.

Lakini sehemu kubwa ya Kongo haikuiona shaba hiyo kwa miaka mingi. Malipo ya askari, wapagazi na vibarua yalifanywa kwa nguo, shanga, chumvi na mitako, yaani vipande vya waya wa shaba ya njano vilivyokatwa kwa kipimo. Ni mwaka 1910, baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake mnamo 1908, ndipo kodi ya fedha taslimu ilipowekwa kisheria, na utawala ukalazimika kuhakikisha kwamba kuna sarafu za kulipia.

Wazungu waliingia Kinyaga kwa bunduki kabla ya kuingia kwa mizani. Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa kwenye vita vya magharibi ya ziwa. Mwaka uliofuata maofisa wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, kwenye ufuko wa Kivu, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Nyamasheke, jirani ya Rusizi. Jeshi la Rwanda lililoongozwa na Bisangwa liliwashambulia likashindwa, na Bisangwa akauawa. Kambi hiyo haikudumu, maana maasi ya askari wa Kongo ya mwaka 1897 yaliwaondoa Wabelgiji. Wajerumani wakiongozwa na Kapteni Bethe wakafika mwaka 1898 na kuweka kituo hapohapo Shangi. Mwaka huohuo alifika daktari Richard Kandt, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile katika msitu wa Nyungwe, akajenga makazi yake karibu na ziwa. Baadaye, mwaka 1907, akawa Mkazi, yaani mwakilishi wa serikali, wa kwanza wa Kijerumani Rwanda na mwanzilishi wa Kigali. Ugomvi wa mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji uliendelea miaka 12 zaidi, pande zote mbili zikiwa na vituo, hadi mkataba wa mwaka 1910 ulipoweka mpaka kwenye Rusizi na ziwa, na Ijwi ikabaki upande wa Kongo.

Vituo vilihitaji chakula, kuni na watu wa kubeba mizigo, na malipo yake yalitakiwa kubebwa kutoka mbali. Hapa hesabu ya uzito inaeleza mengi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa kilo 30 hivi. Kilo 30 za rupia za fedha ni zaidi ya rupia 2,500. Kilo 30 za pesa za shaba ni vipande kama 4,600, ambavyo vyote pamoja ni rupia 72 tu. Mpagazi yuleyule, kwa njia ileile na posho ileile, alibeba thamani iliyopungua mara 35. Kwa sarafu za Kongo tofauti ni kubwa zaidi: mzigo wa vipande vya faranga 5 vya fedha ni faranga 6,000, na mzigo wa santimu 10 za shaba ni faranga 150. Kutoka Bagamoyo hadi Kivu msafara ulichukua miezi. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu ambaye angesafirisha shaba iliyopigwa muhuri huku nguo na shanga zikiwa nyepesi kwa thamani hiyohiyo, na zikitafutwa zaidi na wenyeji.

Hivyo rupia ilitangulia. Mishahara ya askari ilihesabiwa kwa rupia, na mali kubwa iliweza kununuliwa kwa rupia, hasa ng'ombe na ngozi. Aliyepewa rupia moja Kinyaga, hata hivyo, alikuwa na kitu kikubwa mno kwa soko la jirani. Hakupata wa kumrudishia chenji isipokuwa kwa vitu: kipande cha kitambaa cha marekani, kete za shanga, au ubutega. Fedha ya kigeni ikaishi juu ya fedha ya zamani pasipo kuchanganyika nayo, na ubutega ukaendelea kuwa mapeni ya rupia ya Kaizari.

Mambo kama hayo yalitokea pia Buganda, ingawa kwa chombo kingine. Huko fedha ndogo ilikuwa simbi, yaani kauri, na mwishoni mwa karne rupia moja ilifikia simbi zipatazo 1,000. Waingereza waliamua kuacha kuzipokea simbi kwa kodi mwaka 1901, na baada ya miaka michache wakaleta senti zenye tundu, ambazo mwanzoni zilikuwa za alumini. Tofauti ni kwamba Buganda ilikuwa na reli iliyofika ukingo wa Ziwa Victoria mwaka 1901, kwa hiyo mapeni ya Kiingereza yalisafiri kwa behewa na meli. Kinyaga ilikuwa ng'ambo ya Nyungwe, mbali na reli zote. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliondoa mfumo wa pesa 64 na kuweka rupia ya heller 100. Kwa kuwa rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani, makarani walipata hesabu nyepesi. Heller, ambayo Waswahili waliiita hela, ilitolewa kwa bronzi katika vipande vya nusu na moja. Chini ya tarehe au maandishi yake kuna herufi inayotaja kiwanda: A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Nusu heller ilionekana ndogo kupita mahitaji, na haikupigwa tena baada ya 1906. Mwaka 1908 ilitoka heller 5 ya bronzi, pande la milimita 37 na gramu 20.

Mageuzi hayo yalibadilisha hesabu bila kubadilisha mzigo. Pesa 64 za kampuni zilikuwa na uzito wa gramu 416. Heller 100 za kipande kimoja kimoja, kila moja gramu 4, ni gramu 400, na heller 5 ishirini ni gramu 400 vilevile. Unafuu ulikuja na heller 10 ya mwaka 1908, na baadaye heller 5 ya 1913, zote za mchanganyiko wa shaba na nikeli na zote zenye tundu. Heller 10 kumi zilitimiza rupia kwa uzito usiofika gramu 100. Kwa nchi ya mbali kama Kinyaga, huu ulikuwa mwanzo wa kweli wa mapeni, kwani sasa kulikuwa na kipande kidogo kilichostahili kubebwa. Na Wajerumani, baada ya miaka 20 hivi, walikuwa wamefikia tundu lilelile lililokuwa kwenye santimu za jirani zao tangu 1887.

Sarafu hizo nyepesi zilikuta Kinyaga iliyoanza kubadilika. Misheni ya Mibirizi, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Rusizi, iliajiri mafundi na vibarua wa ujenzi. Bustani zake zilipokea mbegu za kahawa zenye asili ya Guatemala, na aina hiyo ya kahawa bado inaitwa Mibirizi. Wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili walifungua maduka karibu na vituo. Kisha, mwaka 1914, Wajerumani walianza kukusanya kodi ya fedha Rwanda. Kodi ndiyo iliyolazimisha kila nyumba kuitafuta sarafu, iwe inaipenda au haiipendi. Soko huwashawishi watu, lakini kodi huwaamuru, na amri hiyo ilihesabiwa kwa rupia.

Vita viliuvunja mfumo huo kabla haujakomaa. Wajerumani waliiteka Ijwi Septemba 1914, na Rusizi ikawa mstari wa mapigano hadi majeshi ya Kongo yalipovuka mwaka 1916 na kuelekea Tabora. Koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa, sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya, na huko Tabora mafundi wa karakana ya reli walipiga mapeni ya dharura: heller 5 na heller 20 za shaba na shaba ya njano, zenye taji, mwaka 1916, na herufi T. Walipiga pia dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima, kwa kutumia dhahabu ya Sekenke. Dhahabu hiyo hutafutwa sana na kuigwa sana. Heller 20, kwa upande wake, zina ufundi wa haraka na makosa mengi ya upigaji, na zinaonyesha hali ya vita waziwazi kuliko dhahabu. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19, 1916.

Kwa Kinyaga, kuja kwa Wabelgiji kulimaanisha kwamba kingo mbili za Rusizi zilitumia fedha moja kwa mara ya kwanza. Faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya rupia, na santimu za shaba na nikeli zenye tundu, sasa zikiwa na herufi A za Mfalme Albert, zikavuka mto. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwasukuma wakulima kupanda kahawa, na hapo ndipo chenji ya chuma ilipoingia kwa wingi hadi vijijini. Jina la Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji, halikuandikwa kwenye sarafu hadi mwaka 1952, kwenye kipande cha faranga 5, likiwa pamoja na jina la Kongo. Rwanda huru ilipata sarafu zake mwenyewe mwaka 1964, mwaka ambao Benki Kuu yake ilianzishwa.

Historia hii inaamua namna mkusanyo wa Rusizi unavyostahili kupangwa. Kuzipanga sarafu kwa tarehe zilizoandikwa juu yake hutoa picha ya uongo, kana kwamba shaba ya 1887 na ya 1890 ilitumika hapa katika miaka hiyo. Mpangilio unaosema kweli huanza na vikuku, jembe na shanga, halafu rupia ya fedha, na ndipo pesa na santimu kama sarafu zilizosafiri baadaye au kubebwa na mtu binafsi. Mkusanyo wenye sarafu 40 bila kikuku kimoja cha ubutega una pengo mahali palepale ambapo chenji halisi ya karne ya 19 ilikuwa.

Kuzitambua sarafu zenyewe si kazi ngumu. Pesa ya kampuni hutambulika kwa tai na Kiarabu. Paisa ya Barghash ina mizani, na haina herufi za Kilatini. Ipo pia paisa ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyoandikwa Mombasa na mwaka 1888, ambayo wengi huichanganya na hizo mbili. Santimu za Kongo za hadi 1909 zina herufi L zilizovikwa taji, na za kuanzia 1910 A. Pesa za 1891 na 1892 zilitolewa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo, kwa hiyo waghushi huzipita na kwenda kwenye rupia mbili na dhahabu ya Tabora. Kwa vipande hivyo mizani ya gramu na kipimo cha milimita ni mashahidi wazuri kuliko macho, kwani sarafu bandia mara nyingi hukosa uzito hata ikiwa sura yake imeigwa vizuri.

Shaba iliyokaa katika udongo wenye unyevu, kama ule wa Bugarama au wa fuko za Kivu, huota kutu ya kijani. Kuisugua kwa mchanga, ndimu au jivu huirudishia mng'ao na kuiondolea historia, maana utando wa kahawia au mweusi uliojengeka kwa miongo ndio unaokinga maandishi yasilike. Maji safi na kitambaa laini vinatosha, kisha ikauke kabisa kabla ya kufungwa katika karatasi isiyo na tindikali. Mifuko ya plastiki laini huharibu shaba polepole.

Lililo muhimu kupita usafi ni kumbukumbu ya mahali. Pesa ya 1892 iliyonunuliwa Zanzibar haisemi lolote kuhusu Rusizi. Pesa hiyohiyo iliyotoka kwenye shamba la Nkanka au kiwanja cha zamani cha Mibirizi ni ushahidi kwamba shaba ya pwani ilifika mpaka huko, na iwapo iliokotwa pamoja na santimu za Leopold ni ushahidi wa mto kuvukwa. Ushahidi huo hupotea siku ile ile sarafu inapouzwa bila maandishi. Kinachotakiwa ni kidogo: jina la kilima na sekta, tarehe ya kupatikana, kina, vitu vilivyokuwa pembeni yake, na kama ilikuwa imetobolewa au kutungwa kama pambo. Rwanda ina sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni, na vitu vinavyofukuliwa ardhini vinastahili kuripotiwa kwa mamlaka kabla ya kuingia katika kabati la mtu. Wazee waliopokea vipande kutoka kwa babu zao wana taarifa nyingine ya thamani: kipande kilipatikana kwa kazi gani, na kilinunua nini. Taarifa hiyo huandikwa kwa maneno yao wenyewe, pamoja na jina la lugha waliyoitumia, na huwekwa pamoja na sarafu.